Neno "Bure"

Kila mwaka, majuma machache kabla ya Siku ya Kipaimara, huwachukua vijana wetu wa kipaimara na kuwapeleka Bagamoyo mjini. Tunakodi basi dogo, tunapita Mapinga, Kerege na Kiromo huku vijana wakiimba mapambio, na kabla ya saa nne asubuhi tunakuwa tumeshuka chini ya miembe mikubwa ya misheni ya zamani ya Kanisa Katoliki. Wazazi wengine wameniuliza kwa nini mchungaji wa Kilutheri awapeleke watoto kwa Wakatoliki kujifunza habari za wokovu. Huwajibu kwamba neno "ukombozi", ambalo vijana hulikariri katika Katekisimo Ndogo, ni neno lililowahi kulipiwa fedha taslimu katika pwani hii, na kijana akilikuta pale halisahau upesi.

Historia yenyewe si ndefu kuieleza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kuanzisha misheni hiyo. Wakati ule Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya kutoka bara, na kwa njia hiyo walishuka watu wa namna mbili. Wa kwanza alikuwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, aliyebeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Alipofika pwani alitua pembe ya ndovu, akapokea ujira wake, mara nyingi kwa kitambaa cha merikani, akapumzika. Wa pili alikuwa mtumwa. Yeye hakuwa na ujira wa kudai, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bidhaa, na safari yake iliendelea baharini hadi soko la Unguja, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo mwezi Juni 1873. Mapadre waliwanunua baadhi ya watumwa hao, wengi wao watoto, kwa fedha zilizochangwa na Wakristo wa Ulaya. Wakawaleta Bagamoyo, wakawafundisha, na waliokua wakaoana na kujenga kijiji chao karibu na misheni. Kazi hiyo iliitwa kukomboa.

Mwaka mmoja, nilipomaliza kueleza hayo, kijana wa miaka kama kumi na minne aliinua mkono.

"Mchungaji, ile hela yule mtoto aliirudisha lini?"

"Hakuirudisha," nikasema. "Angeipata wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo alikombolewa bure?"

Wenzake wakacheka. Alilitamka neno hilo kama mtu aliye sokoni anayeambiwa achukue samaki bila kulipa, akaanza kumkagua kama ameoza. Nikamjibu kwamba kwa yule mtoto ilikuwa bure, ila kwa aliyelipa haikuwa bure. Wakaridhika, wakaenda kununua maandazi. Mimi nilibaki nimekaa chini ya mwembe, moyo ukiwa mzito, kwa sababu neno hilo "bure" lina kisa chake nami. Nimekisimulia mara chache sana. Nakiandika hapa kwa kuwa naamini wako washarika wengi wanaosumbuliwa na jambo lilelile, na wachungaji pia.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa uchungaji, nikihudumu katika usharika mmoja wa pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam. Chuoni Makumira nilikuwa nimefanya vizuri. Niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu vyeti vya msamaha: jinsi mtawa Johann Tetzel alivyoviuza Ujerumani, jinsi watu wa Wittenberg walivyosafiri kwenda kuvinunua wakarudi navyo mkononi, na jinsi Martin Luther alivyotoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517. Niliandika kurasa nyingi na kupata alama nzuri. Nalitaja hili ili msomaji ajue kwamba nililolitenda sikulitenda kwa kutojua.

Usharika wetu ulikuwa mdogo. Washarika wengi walikuwa watu waliotoka bara kwa ajili ya kazi, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Jengo letu lilikuwa na kuta bila paa la kudumu, na kila kikao cha wazee kilianza na kumalizika kwa habari za mabati. Kila Jumapili tuliwasomea washarika ahadi zao, nani amelipa na nani bado. Pole pole, bila kujua, nilianza kumwona mtu kwa bahasha yake. Nikikutana na mama njiani, kabla ya kumsalimu, kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa tarakimu.

Katika eneo hilo alikuwapo mzee mmoja, fundi wa majahazi. Alizaliwa milimani Usambara, akabatizwa na kupata kipaimara huko, kisha akashuka pwani akiwa kijana kutafuta kazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakukanyaga kanisani. Alikunywa sana. Aliishi na wanawake wawili kwa nyakati mbalimbali bila ndoa, na mtoto wake mmoja hakumlea. Hayo si masengenyo, aliniambia mwenyewe. Alipougua na kushindwa kushika tezo, aliyemtunza alikuwa jirani yake, mama mmoja wa Kiislamu wa rika lake. Alimletea uji asubuhi, akamfulia, akamgeuza kitandani.

Alasiri moja mama huyo alimtuma mjukuu wake: mzee fundi anamwita mchungaji. Nilimuuliza mmoja wa wazee wa kanisa. Akanijibu, "Huyo hayumo kitabuni." Nikaenda hivyohivyo. Katika mkoba wangu nilikuwa na vyombo vya Meza ya Bwana, na pia kitabu cha stakabadhi, kwa kuwa mhazini alikuwa safarini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba mchungaji. Karibu ukae."

Nilikaa kwenye kigoda. Chumba kilinukia mafuta ya sifa, yale ambayo mafundi hupaka majahazi. Mzee hakuzunguka. "Nataka kula Chakula cha Bwana kabla sijaondoka," akasema. "Mara ya mwisho nilikula mama yangu akiwa hai."

Wapendwa, nilifundishwa maneno ya kumjibu mtu wa namna hiyo. Yako katika kitabu chetu cha ibada. Lakini kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa hiki: "Mzee, umekuwa nje ya usharika miaka mingi. Tuna utaratibu."

Alikuwa mtu aliyeishi kwa kununua mbao na kuuza kazi ya mikono yake. Akanielewa mara moja. "Sawa," akasema. "Nilipe kiasi gani?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikasema lingine. Nilimwambia kwamba ahadi ya chini ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwamba akilipa ya mwaka mzima, shilingi 24,000, tutaweza kumwingiza kitabuni.

"Na hiyo miaka mingine?"

"Tuanze na huu," nikasema.

Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akahesabu. Zilibaki noti chache sana. Nikaandika stakabadhi: jina lake, kiasi, na mbele ya neno "malipo ya" nikaandika "Ahadi." Nikatia sahihi, nikampa. Baada ya hapo ndipo nilipotandika kitambaa cheupe na kutoa vyombo. Mzee alikiri dhambi zake kwa machozi, akamtaja yule mtoto wake kwa jina. Nikamtangazia msamaha, nikampa mwili na damu ya Bwana. Alipokwisha kula alibaki ameishika ile karatasi.

"Sasa nimelipa, mchungaji?"

"Umelipa, mzee."

Alifariki siku ya tatu, usiku.

Asubuhi yake mama jirani alikuja nyumbani kwangu. Tulisalimiana, tukapeana pole. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Aliniagiza akifa nimtilie hii ndani ya sanda," akasema, "Mungu akaone kwamba amelipa. Lakini mie mambo ya dini yenu siyajui, nimeona nikuulize kwanza." Kisha akaniuliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua tu: "Hivi kwenu, mwanangu, mtu husamehewa kwa risiti?"

"Hapana, mama."

"Basi hii ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaipokea ile karatasi, nikaitia ndani ya Biblia yangu. Tulimzika mzee alasiri ile, kwaya ikaimba, nami nikahubiri juu ya neema ya Mungu. Washarika waliniambia mahubiri yalikuwa mazuri.

Mwisho wa mwezi nilichukua shilingi 24,000 katika mshahara wangu, nikampelekea yule mama. Nilijiambia kwamba fedha ya mzee irudi kwa aliyemtunza. Akanitazama, akaisukuma kwa upole. "Maiti halipwi, mwanangu. Na mie sikumpikia uji kwa fedha." Nikaondoka nayo. Nikaitoa kwa ajili ya yatima. Nikafunga siku mbili. Nikaanza kuwatembelea wagonjwa kila siku, hata nyakati ambazo hawakunihitaji. Usingizi haukuja. Ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nikikifanya: nilikuwa nikimtafutia Mungu shilingi 24,000 nyingine. Niliyemfundisha mzee kutafuta stakabadhi, na mimi sasa nilikuwa natafuta yangu.

Hatimaye nilikwenda kwa mchungaji mmoja mstaafu, mtu wa makamo ya baba yangu. Wengi wetu tunadhani kuungama kwa mchungaji ni desturi ya Wakatoliki peke yao, lakini Luther aliliacha jambo hilo katika Katekisimo Ndogo, kwa ajili ya mtu anayelemewa na dhambi moja anayoijua. Nilimweleza yote, pamoja na tarakimu. Hakunikatiza, wala hakunifariji kwa kusema kwamba jambo lenyewe ni dogo. Nilipomaliza aliniwekea mkono kichwani, akanitangazia msamaha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Nikakaa kimya, nikingoja. Kisha nikauliza, "Sasa, baba, nifanye nini?"

"Umesikia nilichokisema?"

"Nimesikia."

"Unakiamini?"

"Naamini."

"Basi sogea mezani, mama analeta chakula."

Nakiri kwamba neno lile halikunipendeza. Nilitamani anipe adhabu. Angeniambia nitembee kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, ningejua pa kuanzia, na nikifika ningejua kwamba nimemaliza. Badala yake nilikaa kula samaki kwa ugali katika nyumba ya mtu, nikiwa sina nilichotoa. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile. Lakini katikati ya chakula kile ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemnyima mzee.

Jioni ile nilifungua Warumi sura ya 3. Pale Mtume Paulo anasema kwamba wote wametenda dhambi, na kwamba tunahesabiwa haki bure, kwa neema ya Mungu, kwa njia ya ukombozi ulio katika Kristo. Nilikuwa nimelihubiri fungu hilo mara nyingi. Nikafungua na Wagalatia, mwisho wa sura ya 2, ambapo Paulo anasema kwamba ikiwa haki inapatikana kwa sheria, basi Kristo alikufa bure. Nikasimama. Ni neno lilelile. Nikachukua Agano Jipya la Kigiriki nililotumia chuoni, nikakuta kwamba hata huko Paulo anatumia neno moja mahali pote pawili, *dorean*. Na Kiswahili chetu, ambacho katika neno hilo kina maana zilezile mbili, kimelihifadhi sawasawa. Bure ni bila malipo. Bure pia ni bila faida, kazi iliyopotea.

Tangu siku hiyo nimeyasoma mafungu hayo mawili kama fungu moja. Ni lazima moja ya hizo "bure" iwe kweli. Ama mimi nimepewa haki bure, bila malipo, au Kristo amekufa bure, bila faida. Hakuna njia ya tatu. Nilipomwandikia mzee stakabadhi sikuwa nimeongeza kitu kidogo juu ya msalaba, kama mtu anayeongeza chumvi. Nilikuwa nimeuambia msalaba kwamba hautoshi.

Naelewa kwa nini neno hili ni gumu kwetu. Tumelelewa kusema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni maneno ya kweli kwa shamba na kwa jahazi. Mpagazi aliyetua mzigo wake Bagamoyo alistahili merikani yake, na Paulo mwenyewe anakubali, katika Warumi sura ya 4, kwamba mfanyakazi anapolipwa hapewi zawadi, anapewa haki yake. Shida yetu ni kwamba tunamwendea Mungu tukiwa tumevaa nguo za mpagazi. Tunatua mbele zake miaka ya uimbaji kwaya, sadaka, mikesha, tukingoja atupimie. Injili inatuambia kwamba sisi ni yule mwingine aliyeshuka kwa njia ileile, yule asiyekuwa na ujira wa kudai. Yule mtoto katika soko la Unguja hakuchangia bei yake. Hakumjua aliyechanga. Hakuulizwa kama anastahili. Mtu mwingine alilipa, naye akatoka.

Siku hizi tunawashangaa wanaouza maji na mafuta ya upako, na ni haki kushangaa. Lakini mimi siwezi kuwacheka. Wao wana chupa, mimi nilikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye muhuri wa usharika.

Kisa cha Bagamoyo kina upande mwingine pia, nami huwaeleza vijana bila kuficha. Waliokombolewa waliishi kwa kengele: kengele ya sala, ya darasa, ya shamba. Hata waliooana na kukaa kijijini walipangiwa siku zao. Wapo waliotoroka. Sisemi hili kuwalaumu wale mapadre, ambao wengi wao walikufa kwa homa wakiwahudumia watoto hao. Nalisema kwa sababu ni rahisi sana kumkomboa mtu kwa mkono mmoja na kumdai kwa mkono wa pili. Kanisa la kila dhehebu limelijua jaribu hilo. Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunapokewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Ninaposimama na vijana wangu chini ya miembe ile, sisimami kwa wageni.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa wazee wa kanisa wameniuliza: Mchungaji, ukisema ni bure, nani atalipa mabati? Na watu si watatenda dhambi wapendavyo?

Jibu langu naliona palepale misheni. Katika mnara wa kanisa la zamani uliwekwa mwili wa David Livingstone, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake waliubeba mwili huo kwa miguu kwa miezi mingi mpaka pwani. Miongoni mwao alikuwa James Chuma, ambaye mwaka 1861, akiwa kijana mdogo, alikuwa ametolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Yeye na wenzake walikuwa wameajiriwa, ni kweli. Lakini bwana wao alikuwa amekwisha kufa, na hakuna aliyewaamuru kuubeba. Wangeweza kumzika pale na kurudi makwao. Walibeba. Sidhani kwamba Chuma alikuwa akilipia uhuru wake. Uhuru ule alikuwa nao miaka kumi na miwili. Mtu huru hubeba mzigo kwa namna nyingine.

Ndivyo yalivyo matendo mema. Tunayatenda kwa sababu tumekwisha kutoka sokoni. Yule mama jirani, ambaye si wa imani yetu, sitaki kumfanya kielelezo cha mafundisho yetu. Ana imani yake na anaijua. Lakini nilipomwona akikataa noti zangu, niliaibika kwamba katika chumba kile kimoja uji ulitolewa bila malipo na Chakula cha Bwana kilitozwa.

Kwa habari ya mabati, yalipatikana. Siku hizi, mahali ninapohudumu, kitabu cha stakabadhi hakiendi kwa mgonjwa. Hukaa ofisini, kwa mhazini, na ahadi hutolewa na walio wazima, kwa shukrani, na majina hayasomwi mbele za watu. Mtu aliyetengwa anapotaka kurudi kundini humsikiliza nyumbani kwake kwanza, na swali la fedha haliingii. Wapo waliosema tutafilisika. Mwaka wa kwanza makusanyo yalishuka kidogo, sifichi. Kisha yakapanda, kisha yakashuka tena, kama makusanyo yanavyofanya kila mahali.

Lakini kuna swali moja lililonisumbua kuliko yote. Mzee wangu alikufa akitegemea nini? Msalaba, au karatasi yangu? Kwa miaka mingi niliogopa kwamba nilimpeleka mbele za Mungu akiwa na hati isiyo sahihi mkononi.

Nilipata msaada katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 8, ambayo chuoni niliikariri bila kujua kwamba siku moja ningeihitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Inafundisha kwamba sakramenti zina nguvu kwa sababu ya agizo la Kristo, hata kama anayezitoa ni mtu mbaya. Mababa wetu katika imani walijua kwamba mikono ya wachungaji itachafuka. Mkono wangu ulikuwa umetoka tu kuandika stakabadhi, na wino ulikuwa bado kidoleni. Hata hivyo Kristo alijitoa kwa mkono huohuo. Mzee alisikia kwamba mwili huo umetolewa kwa ajili yake, akala. Aliyekuja kwake siku ile hakuwa na kitabu cha hesabu. Na ikiwa mzee alifika akitafuta mfukoni karatasi yake, naamini aliambiwa kwa upole kwamba haihitajiki.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Iko katika Biblia yangu, mwisho wa Wagalatia sura ya 2. Wino umefifia, lakini sahihi yangu bado inasomeka.

Mpendwa msomaji, labda nawe uko nje ya kundi. Labda umepita nje ya kanisa Jumapili nyingi, ukisikia nyimbo unazozijua, ukaogopa kuingia kwa sababu ya miaka usiyotoa kitu, au ndoa isiyobarikiwa, au mtoto usiyemlea, au pombe. Labda unajiambia kwamba utarudi mambo yako yakikaa sawa. Na labda mchungaji kama mimi amekuambia hivyo. Nakuomba unisamehe kwa niaba yake, na unisikilize sasa. Usingoje mpaka upate cha kuleta. Yako mambo ya kutengeneza, na tutayatengeneza pamoja, na mengine yatachukua miaka. Lakini hayo si mlango. Mlango umekwisha kufunguliwa na aliyelipa.

Mwaka huu nitawapeleka vijana tena Bagamoyo, Mungu akipenda. Akitokea wa kuniuliza kama yule mtoto aliirudisha fedha, nitamjibu kwamba hakuirudisha, na kwamba kwetu pia hakuna anayetudai. Na akiuliza, kwa hiyo ni bure? nitamwambia ndiyo, mwanangu, ni bure. Na kwa sababu hiyo Kristo hakufa bure. Amina.